Jicho la Karima

Ukipita Ruiru mwezi wa Desemba, upepo ukitoka upande wa mashamba makubwa, pua yako itakutana na harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha. Ni harufu nzito, tamu kidogo na kali kidogo, kama uji uliosahauliwa kibuyuni. Wageni huziba pua na kuuliza ni kitu gani kimeoza. Sisi tuliokulia huku tuliivuta mpaka kifuani, maana kwetu ilikuwa habari njema: shule zimefungwa, mvua za vuli zimekwisha, na vumbi jekundu limerudi barabarani kama ndugu aliyekuwa safarini. Harufu hiyo ikianza tu, baba alitia nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki, akanitoa katika chumba chetu cha kupanga pale Kimbo na kunipeleka kwa mama yake kule Kalimoni. Njia nzima aliniita Mami. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa jina hupewa na heshima yake. Kwa hiyo baba yangu, mwanaume mwenye ndevu na sauti nene, hakuweza kunichapa bila kuhisi kwamba anamchapa mama aliyemzaa. Niliitumia nafasi hiyo vizuri.

Wairimu wa kwanza, yaani Cucu, bibi yangu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye magoti yaliyolia kama mahindi makavu kila alipoinuka. Wasemao macho hayana pazia walikuwa wamemwona yeye. Akiingia nyumba ya watu alifunua sufuria kabla ya kusalimia. Fundi wa umeme akipanda nguzo, Cucu alimsubiri chini mpaka ashuke, amweleze huko juu kuna nini. Aliishi na binti yake Njoki, ambaye mimi nilimwita Tata, kama tunavyowaita shangazi zetu. Tata Njoki alikuwa ameokoka, alipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo, na aliamini kwamba kazi yake duniani ni kumzuia mama yake. Alikuwa akishindwa kila siku, lakini hakukata tamaa.

Desemba ninayoikumbuka, nilikuwa na miaka kumi hivi, na habari iliyotikisa nyumba ililetwa na muuza maziwa. Alisema shamba la Karima limenunuliwa na mtu wa Nairobi, bango la kuuza ploti limesimamishwa, na baada ya Krismasi tingatinga litakuja kusawazisha kilele. Karima maana yake ni kilima kidogo tu, na kweli kilikuwa kidogo. Lakini kiko peke yake ng'ambo ya mto Theta, katikati ya nchi tambarare, kwa hiyo kilionekana kama mtu aliyesimama kanisani wakati wengine wameketi. Juu yake palikuwa na ngome ya zamani, ya wakati wa Emajensi, vita vya kupigania uhuru vilipokuwa vimepamba moto na watu wa huku wamefungiwa vijijini. Ilikaliwa na ngati, wenyeji waliopewa bunduki na serikali ya Mzungu ili wawalinde watu, au wailinde serikali dhidi ya watu. Ilitegemea unamuuliza nani. Mimi nilijua jambo moja tu kuhusu ngome ile: kwamba Cucu hakupenda itajwe wakati wa kula.

Siku hiyo aliitaja mwenyewe. Alikuwa anamenya nduma, akaweka kisu chini.

"Nataka kwenda Karima," akasema.

"Kufanya nini?" Tata akauliza.

"Kuangalia ndani."

"Mama, ndani kuna nyoka. Na magoti yako?"

"Magoti nitaenda nayo."

Ndipo nikasikia hadithi ambayo baba hakuwahi kunisimulia, nadhani kwa sababu hata yeye hakuwahi kuambiwa yote. Cucu akiwa msichana, wanawake wa kijiji chao walitolewa kila asubuhi kwenda kuchimba mtaro kuizunguka ngome. Mtaro ulikuwa wa kumzidi mtu urefu, na chini yake vilisimikwa vijiti vilivyochongwa, ili anayekuja usiku aanguke juu yake. Mama yake alikuwa mgonjwa, hivyo yeye akaenda badala yake. Asubuhi nyapara alikuja, akampimia kila mtu kipande chake; jioni alirudi kukikagua. Katikati ya asubuhi na jioni hakukuwa na mtu wa kuwasimamia, ila jicho. Jicho hilo lilikuwa tundu jembamba katika ukuta wa ngome, lenye giza ndani. Nyapara aliwaambia kwamba nyuma ya tundu kuna mtu mwenye bunduki anayewatazama mchana kutwa, na kwamba atakayeketi ataonekana. Basi hawakuketi. Walichimba wamesimama, walikula viazi wamesimama. Gathoni, jirani yao aliyekuwa na mimba kubwa, alichimba wima, mkono mmoja kwenye jembe na mwingine kiunoni, mpaka miguu ikavimba kama mihogo. Hakuna mchimbaji aliyewahi kuruhusiwa kuvuka mlango.

"Nataka kujua kama lilikuwa linatuona," Cucu akasema. "Kama lilikuwa linaona, basi kuna mtu aliyemtazama Gathoni siku zote zile na akanyamaza. Kama halikuwa linaona..." Akachukua kisu na kuendelea na nduma. "Tingatinga likipita, sitajua tena."

Tata Njoki alijaribu yote. Alisema yaliyopita si ndwele. Alisema atamwita mchungaji. Mwishoni alisema haendi, na kesho yake asubuhi tukamkuta amesimama mlangoni na viatu vya mpira, kiondo kimejaa nduma zilizochemshwa, chupa ya chai, na kanga ya kumfunga Cucu akianguka. "Siendi kutembea," akatuambia. "Naenda kuwarudisha."

Tulipita Theta jua likiwa bado changa. Wakati ule palikuwa na mashamba ya mahindi yaliyovunwa, mbuzi wamefungwa kwenye mabua, na hapa na pale nyumba mpya ya mawe isiyokuwa na paa, mtu akiwa amehamia hivyo hivyo na kuanika nguo kwenye vyuma vya nguzo. Kila tuliyekutana naye alisalimiwa na Cucu na kuulizwa anajenga nini, kwa nini dirisha ni dogo, na mke wake anatoka wapi. Mwenda pole hajikwai, lakini kwa mwendo ule hata konokono angetupita. Mimi nilikimbia mbele, nikarudi, nikakimbia tena. Nilifurahi kama mbwa aliyefunguliwa. Chini ya Karima, hata hivyo, furaha iliisha, kwa sababu kilima kizima kilikuwa kimefunikwa na vichaka vya miiba na Cucu hakuijua njia.

Alisimama akatazama juu. Akatazama kushoto, ambako mlima Kilimambogo ulionekana wa buluu, akatazama kulia. Tulijaribu upande mmoja tukatokea kwenye shimo la watu wa kuchimba murram, changarawe nyekundu ya barabara. Tulijaribu mwingine, miiba ikamvua Tata kitambaa cha kichwa. "Nilipita hapa kila siku ya Mungu," Cucu akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umenyong'onyea. "Sasa ni kama sikuwahi kufika."

Tata akaona nafasi yake. "Basi turudi, Mama. Umejaribu."

Cucu akacheka peke yake. "Aca! Nilikuwa naangalia juu! Lini mimi niliangalia juu?" Akanyoosha mkono. "Nipe kiondo."

Wanawake wa kwetu walibeba mzigo mgongoni, na kamba yake ya ngozi, mukwa, ikapita kwenye paji la uso. Mzigo ukiwa mzito unainama mpaka unaona ardhi tu, visigino vya aliye mbele yako na mawe. Cucu alikuwa amepanda Karima siku zote zile amebeba maji na kuni za ngati, na mandhari yake hakuijua hata kidogo. Alichojua ni sakafu yake. Akaivaa kamba ya kiondo kichwani, akapiga hatua, akatikisa kichwa. "Hiki ni chepesi. Bado nimesimama. Ongezeni mawe."

"Mama, una wazimu?"

"Wairimu, ongeza mawe."

Niliongeza mawe. Tata Njoki, akiwa nyuma yake, aliyatoa. Mimi niliongeza, yeye alitoa, mpaka Cucu akauliza kwa nini mzigo unapumua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema Waswahili, lakini Tata alikuwa akitoa jasho kuliko aliyeubeba. Mwishowe mgongo wa Cucu ukapinda, macho yakashuka chini, na miguu yake ikaondoka yenyewe. Sijawahi kuona jambo kama lile. Aliingia kichakani mahali ambapo mimi niliona miiba tu, na pale palikuwa na njia, nyembamba, imeliwa na mvua lakini ipo. Aliongea na ardhi njia nzima. "Hapa kuna jiwe la mgongo wa kobe. Ndilo hili. Hapa mtu huteleza, shika kushoto. Hapa Gathoni alikuwa anapumzikia kwa kujifanya amechomwa na mwiba." Tulipanda nyuma yake. Magoti yake yalilia, kriki, kriki, naye hakuyajibu.

Tulitokea juu ghafla, mbele ya kijumba cha mawe na mwanaume aliyeshika rungu.

"Simameni hapo hapo," akasema. Alikuwa mlinzi wa mwenye shamba, na kwa namna alivyolikokota neno nikajua ni mtu wa upande wa Bungoma. Jina lake, tulikuja kujua, lilikuwa Wafula. "Mnatafuta nani?"

"Natafuta mlango," Cucu akajibu, bado ameinama.

"Mama, hapa hakuna mlango. Hapa ni pa mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Yuko Nairobi."

"Alichimba mtaro huu?"

"Sijui kama alichimba, lakini ndiye ananilipa. Nikiwaacha mwingie, kesho mimi ni mtu wa kutafuta kazi."

Cucu akaketisha kiondo chini ili abishane vizuri. Mlinzi akachungulia ndani yake, akarudi nyuma hatua na kuinua rungu. "Mama! Mawe ya nini? Mmekuja kunipiga?"

"Uuui, hapana, ndugu yangu," Tata Njoki akapiga kelele, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Hiyo ni ramani yake!"

Ilibidi aeleze. Alieleza vibaya, akichanganya nyapara, nduma na magoti, na mimi nilimsahihisha, na Cucu alitusahihisha wote wawili. Wafula alisikiliza, rungu likishuka kidogo kidogo. Mwishowe aliangalia ule mgongo wa Cucu, na jasho lililotiririka kwenye alama ya kamba usoni, akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta. "Kukhu," akasema, na hivyo ndivyo watu wa kwao humwita bibi, "hata kwetu nikimfukuza bibi aliyefika mlangoni nitalaaniwa na kuku. Ingia. Lakini mawe yabaki nje."

Ngome yenyewe, nisiwadanganye, ilikuwa ndogo. Niliyokuwa nimeijenga kichwani ilikuwa na minara na mizinga. Hii ilikuwa chumba kimoja cha mawe meusi, kuta nene kama tumbo la ng'ombe, paa la mabati ambalo Wafula alilitia mwenyewe. Alikuwa amehamia. Mlikuwa na godoro, redio, sufuria ya kunde jikoni juu ya mafiga matatu, na harufu ya moshi na omena, dagaa wa ziwani. Cucu alisimama katikati na kujizungusha polepole.

"Haiya! Ni haka tu?"

"Ni hako tu, Kukhu," Wafula akasema, kama anayeomba radhi. Mgeni njoo mwenyeji apone, naye alikuwa tayari ameanza kutafuta kikombe cha pili.

"Na jicho liko wapi?"

Jicho lilikuwa limezibwa kwa gunia. Wafula alisema lilikuwa linaleta baridi usiku. Alilivuta gunia, na mstari wa jua ukaingia ukalala sakafuni. Cucu akasogea. Aliweka mikono kwenye mawe pande zote mbili za tundu, akachungulia, na Wafula akaizima redio.

"Naona Thika," akasema. "Naona moshi wa viwanda. Naona Kilimambogo wote mpaka miguu." Akasogeza uso mpaka ukagusa mawe. "Mtaro sioni. Wairimu, nenda kasimame kwenye mtaro. Pale penye jiwe jeupe. Palikuwa pangu."

Nilitoka mbio. Mtaro ulikuwa umefukiwa nusu na udongo wa mvua nyingi, nyasi zimeota ndani, lakini bado ulinifika kifuani. Nilisimama kwenye jiwe jeupe nikatazama juu. Kati yangu na ngome ardhi ilikuwa imevimba kidogo, kama mgongo wa mkate, na juu ya uvimbe huo niliona paa la mabati, na chini ya paa mstari mweusi ambao sikujua kama ni tundu au kivuli.

"Wairimu!" Alikuwa akiita jina lake mwenyewe kutoka ndani ya ukuta. "Uko wapi?"

"Niko hapa!"

"Hapa wapi? Inua mkono!"

Niliinua.

"Naona vidole! Sasa keti!"

Niliketi.

"Umeketi?"

"Nimeketi!"

"Simama! Keti tena! Lala!"

Nilisimama, nikaketi, nikalala chali nikitazama mawingu. Nikasikia Tata Njoki naye akiitwa kuchungulia, kisha sauti yake: "Hakuna mtu." Nikasikia Wafula: "Hata mimi simwoni, na huu mtaro umejaa udongo. Wakati huo ukiwa na kina kirefu, wangemwona nani?" Halafu kicheko, ambacho mwanzoni nilidhani ni kilio, kwa namna kilivyopanda.

"Tungeketi!" Cucu alikuwa akisema. "Ngai! Njoki, tungeketi! Mchana kutwa tungekuwa tumeketi!"

Alitoka mlangoni ameshika mbavu, Tata upande mmoja, Wafula na kikombe cha chai upande wa pili. Alicheka akitembea, akasimama, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Na wao ngati walikuwa wanaogopa kutoka," akasema, "na sisi tunaogopa kuketi. Hakuna aliyekuwa anamwona mwenzake." Kisha uso ukabadilika. "Gathoni angeketi," akasema kwa sauti ndogo. Tata Njoki alimshika mkono. Gathoni alijifungua salama mwaka ule. Mtoto wake nilikuja kumjua, alikuwa fundi baiskeli pale Juja. Lakini miguu ya Gathoni haikurudi kuwa miguu, na alikuwa ameshatangulia mbele za haki bila kujua alichokijua Cucu asubuhi ile.

Halafu Cucu akateremka mtaroni. Tata alisema magoti, Wafula alisema Kukhu nitakuletea kiti, yeye hakumsikia mtu. Alishuka kwa makalio, akaketi kando yangu kwenye kipande chake, akanyoosha miguu mbele, akavua viatu. Akaomba nduma. Tulikula hapo wote wanne, mlinzi naye akiwa ameketi ndani ya mtaro wa ngome anayoilinda, redio imewashwa tena, na Cucu hakukubali kuondoka mpaka kivuli cha ukuta kilipotufikia. Kila aliyejaribu kuinuka alivutwa nguo. "Keti," alisema. "Mbona una haraka? Nani anakuona?"

Tingatinga lilikuja, si baada ya Krismasi kama muuza maziwa alivyosema bali baada ya Pasaka, na leo ukienda Theta utaona juu ya Karima nyumba za ghorofa zenye matangi meusi ya maji. Mawe ya ngome yaliingia kwenye ukuta wa ploti ya mtu; nimeyatafuta nikayajua kwa weusi wake. Mtaro ni barabara ya ndani yenye matuta. Wafula alirudi kwao, au alikwenda kulinda kwingine, sikupata kujua. Mimi shule niliiacha mapema na tangu hapo sijakaa mahali. Nimechuma kahawa, nimeuza mayai ya kuchemsha stendi ya Thika, nimebeba mawe machimboni, nimelala miji mingi kuliko ninayoikumbuka. Kutembea kwingi kuona mengi. Nimeingia ngome kubwa ya Mombasa kwa tiketi, na wakati mwongozaji akituonyesha mizinga, mimi nilikwenda kwenye matundu ya ukuta kuangalia ni nini ambacho hakionekani.

Siku hizi Ruiru yote imekuwa malango. Kila ploti ina ukuta, kila ukuta una mlinzi, juu ya mlango kuna kamera na kibao kinachosema unatazamwa. Watu hupita chini yake wamenyoosha migongo. Mimi huwaomba walinzi wanionyeshe hiyo skrini, na mara nyingi wanakubali, maana kazi yao ina upweke. Kuna inayoonyesha mti. Kuna iliyokufa zamani. Kuna inayoona kila kitu, hata kifungo cha shati, na hapo sicheki. Dunia haikusimama, na si kila jicho la leo limezibwa kwa gunia.

Cucu bado yupo Kalimoni. Ni mzee sana, magoti yameacha kulia kwa sababu yameacha kutembea, na Tata Njoki, naye mvi zimemjaa, bado humzuia asifunue sufuria. Nikifika, na vumbi langu na mfuko wangu, hanisalimii kwanza. Hupiga kigoda kilicho kando yake kwa kiganja, nami huketi. Wiki iliyopita nilimwambia nimetoka kwenye jumba jipya karibu na Kimbo, lenye geti la umeme na mbwa wawili, ambalo mlinzi wake alikataa katakata kunifungulia mpaka nilipomsaidia kubeba maji. Tata alitikisa kichwa, akasema nitakuja kufungwa. Cucu alinisogelea, akanishika goti, macho yake yenye ukungu yakiwa karibu kabisa na yangu.

"Eeh," akasema. "Na ndani kulikuwa na nini?"